Mstari Uliofuata Korongo

Révérien alifika kwangu na bodaboda mbili. Ya mbele ilimbeba mama yake, ya nyuma ilimbeba yeye na kompyuta, kaikumbatia kama mtu anayepeleka mtoto hospitali. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye kitenge kipya. Mama yake alikuwa amevaa kilichochakaa. Nikasema moyoni, kijana huyu nimeshajua anachokipenda. Nilikosea, lakini chumba nilimpa hivyohivyo, maana nyumba ni yangu na sina mtu wa kumwomba ruhusa.

Nyumba yenyewe ipo pembeni ya mji, ukishaipita Nsemulwa, pale mtaa unapoanza kushuka kwenda korongoni. Matofali yake nimefyatua mwenyewe, mume akiwa ameshalala kaburini. Upande huu wa korongo tunakaa sisi wenyeji, Wakonongo na Wabende na Wafipa waliokuja zamani. Ng'ambo wanakaa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Wamekaa muda mrefu, watoto wao wamezaliwa pale na wamesoma na wajukuu zangu, ila ukiwasikiliza watu wa upande huu utadhani wamefika jana jioni.

Révérien alikuwa mchoraji wa ramani. Kampuni iliyokuja kupima mtaa wetu ili watu wapate hati ndiyo iliyomwajiri. Wenzake walizunguka na vyombo vya kupimia, yeye alikaa kwenye kompyuta akigeuza vipimo kuwa mchoro. Alizaliwa Katumba, kwa wale Warundi waliokimbilia kwetu zamani, wakapewa makazi na baadaye uraia. Kirundi chake alikizungumza na mama yake tu. Kiswahili chake kilikuwa kama changu. Hata hivyo kwenye bomba la maji walimwita mkimbizi, na yeye aliitika.

Mama yake aliitwa Specioza. Alikuwa mgonjwa wa kifua, mwembamba, anakaa juani asubuhi akisali rozari. Jambo lake lilikuwa moja tu, na alilisema kila siku kama mtu anayekumbusha deni. Walipokuwa wanakimbia kutoka Burundi, mume wake alifia porini. Waliokuwa nao hawakusimama. Alimfunika kwa majani, akamwacha, akaendelea kukimbia na tumbo la mtoto wa kwanza.

"Hakuna aliyeimba, dada," aliniambia. "Hakuna hata aliyekohoa."

Halafu alimgeukia mwanawe. "Mwana wanje, mimi nizikwe na watu. Waimbe mpaka sauti ziwakauke. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kijana alikuwa anaishi kwa ajili ya hilo. Alijiunga na jumuiya ya kanisa kwa ajili ya hilo. Kila msiba wa mtaa alikwenda kuchimba kaburi, hata wa watu wasiomjua jina, ili siku ya mama yake ikifika wamkumbuke. Mimi nilimwona akirudi na udongo kwenye viatu vya ofisini nikasema, huyu anaweka akiba.

Ofisini kwao umeme ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo alichorea kwangu, mezani pale dirishani. Mimi nilikaa karibu nachambua maharage, naangalia. Siku moja nikamuuliza mbona nyumba zile zile anazileta tena na tena, hachoki kuchora?

"Sichori tena, Bibi. Hii ni ramani mama, ina mtaa wote. Nyumba yako imo, choo chako kimo, mpapai wako umo. Nikitaka kutengeneza karatasi nyingine, naiazima hii ramani, naileta ndani. Kwa lugha ya kazi yetu tunaiita eksirefu. Halafu nazungushia mstari. Cha ndani ya mstari kinaonekana. Cha nje hakionekani."

"Unakifuta?"

"Hapana. Kipo palepale. Kimefichwa tu. Nikiuondoa mstari, kinarudi."

Nikamwambia ni mwongo. Basi akabofya hapa, akabofya pale, akazungusha mstari kwenye nyumba ya jirani, na nyumba yangu ikapotea kwenye kioo. Pakabaki peupe. Nilimpiga kofi la mkononi.

"Nirudishe!"

Akacheka, akabofya mara moja, nikarudi na choo changu na mpapai wangu.

Sasa tuje kwa Felisiani. Felisiani ni mwenyekiti wa mtaa wetu. Marehemu baba yake alikuwa kaka yangu, kwa hiyo ananiita shangazi. Nimempangusa kamasi huyo, namjua. Alikuja siku moja mchana, hakubisha hodi, akasimama nyuma ya kijana na kumwekea kidole kwenye kioo.

"Hawa wa ng'ambo ya korongo, watoe."

Révérien akageuka. "Wameshapimwa, mwenyekiti. Bikoni zao za mipaka zimeshazikwa chini."

"Wale ni wapita njia. Ng'ombe wakihama, nao wanahama. Ramani itakayobandikwa ofisini kwangu ni ya watu wa mtaa. Wewe kata kwenye korongo."

"Lakini wakikosekana kwenye ile ya kubandikwa, ndiyo itakayopelekwa mbele. Hawatapata namba za viwanja. Eneo lao litaonekana la wazi."

"Si ndiyo nakwambia?" Felisiani akaangalia dirishani, kule kwenye majani mazuri ya ng'ambo. Ana watoto wa kiume wanaotaka viwanja, na ana ng'ombe wake pia.

Akampigia simu bosi wa kampuni, akaweka spika. Bosi akasema, "Fanya anavyosema mwenye mtaa, Révérien, tusichelewe." Simu ikakatwa. Felisiani akasimama palepale, mikono mfukoni, akisubiri. "Haraka, nina kikao."

Kijana akashika mausi. Korongo letu linapinda sana. Kwenye pindo moja linazunguka kama mkono uliokumbatia mtu, na ndani ya mkono huo, upande wetu, ndiko yalipo maboma ya Felisiani, nyumba aliyoachiwa na baba yake. Révérien hakufuata mapindo. Mkono wake ulikuwa na hasira, au ulikuwa na haraka, mwenyewe aliniambia hajui. Alibofya pembe chache, mstari ukanyooka kutoka pindo hadi pindo. Ng'ambo kote pakawa peupe. Felisiani akaridhika, akaondoka bila kuangalia kingine.

Siku ya kubandika ramani watu walijaa ofisi ya mtaa kama wanagawa mahindi ya bure. Desturi ilikuwa kila mtu aende aweke kidole kwenye nyumba yake, aseme "hii hapa," ili kama kuna kosa lirekebishwe. Felisiani alivaa koti. Alihutubia kwanza, juu ya maendeleo, juu ya watu wa mtaa kujijua. Wa ng'ambo walikuwa wamekuja pia, wamesimama nyuma. Hawajui kinachowasubiri.

"Naanza mimi," akasema Felisiani, "ili muone inavyofanyika." Akanyoosha kidole. Kidole kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikapanda. Kikatua kwenye karatasi nyeupe. Hakuna nyumba. Hakuna zizi. Mstari ulipita mbali na kwake, ukamwacha nje pamoja na Wasukuma.

Halafu nyuma kabisa akasema Doto, mke wa Lyamba, mwanamke mrefu wa ng'ambo asiyejua kunong'ona. "Karibu ng'ambo, mwenyekiti! Tutakukamulia maziwa!"

Ofisi ililipuka. Hata mkewe Felisiani alijificha uso kwenye khanga, mabega yakitikisika. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, na sioni sababu ya kuficha.

"Nani kanifuta?" akafoka. "Nani kanifuta mimi?"

Révérien angenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Yeye akasimama na ukweli wake. "Hujafutwa, mwenyekiti. Umefichwa tu."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na ndicho kilichommaliza kijana.

Ramani ilibanduliwa. Kesho yake kikao kikaitwa, na wa ng'ambo hawakuitwa. Huku kwetu mtu aliyeukosea mtaa hapigwi. Anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, akifiwa haendewi. Ni adhabu ya zamani, inatumika kwa wachawi na wezi wa ng'ombe. Felisiani aliisimamia kwa sauti ya upole kabisa.

"Hatumfukuzi huyu mkimbizi. Hatumgusi. Tunamficha tu."

Wakacheka, sasa wakicheka upande wake. Nikasimama. "Yule anakaa kwangu. Moto nitampa mimi."

"Shangazi, ukimpa, na wewe tutakuficha."

"Nificheni. Nikifa nitanuka, mtanitafuta wenyewe."

Lakini adhabu ilipita.

Mnaofikiri kutengwa ni jambo dogo, hamjaliona. Révérien alifika bombani, mwenye funguo akafunga, akakaa juu ya ndoo. Alikwenda kwa muuza maandazi, beseni likafunikwa. Wakawa wanazungumza mbele yake kama hayupo. "Hapa pamesimama mtu?" "Mimi sioni mtu, labda upepo." Watoto wakajifunza mchezo ule haraka kuliko wakubwa. Walimgonga njiani makusudi wakisema, "Aa, nimejikwaa kwenye hewa." Wazazi wao wakawasifu.

Mama yake hakuambiwa. Jumapili akajikokota kanisani. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, Specioza akanyoosha mkono kulia, jirani akaangalia dari. Akanyoosha kushoto, jirani akafunga viatu. Akageuka nyuma na mkono wake hewani, benchi zima wakawa wanatafuta kitu kwenye vitabu vya nyimbo. Nilikuwa upande wa pili wa kanisa, magoti yangu haya hayakunifikisha mapema. Nilipomfikia, mkono alikuwa ameshaurudisha chini ya khanga. Hakuutoa tena siku ile. Na hakwenda kanisani tena, alianguka kitandani.

"Watakuja?" alimuuliza mwanawe.

"Watakuja, mama."

Felisiani alituma neno kwa mkewe, mkewe akaniambia mimi. Kijana achore upya. Mstari ufuate korongo pindo kwa pindo, mwenyekiti awe ndani, Wasukuma wawe nje. Hapo atafunguliwa. Révérien akajibu kwamba kumrudisha mwenyekiti ni rahisi, atauondoa mstari wote, na wote watarudi pamoja. Felisiani hakutaka. Wakabaki hivyo, huyu kwake, yule kwake, na mimi nilimwambia kijana asikubali. Nilimpenda siku hizo. Nilikuwa nampelekea ugali wa moto mbele ya macho yao, nimeinua sahani juu ili waone.

Specioza alikufa asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nikatoka uani nikapiga yowe. Kwetu yowe la msiba likipigwa, milango inafunguka kabla hujamaliza pumzi. Nilimaliza pumzi. Nikapiga tena. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, ukafungwa. Kwa Felisiani mtu aliongeza sauti ya redio.

Kijana alikaa kizingitini, mikono magotini. "Bibi, hawaji."

"Subiri."

"Kule porini baba alikosa watu kwa sababu walikuwa wanakimbia. Hawa hawakimbii. Wamekaa tu."

Karibu na mchana Felisiani akaja, akasimama nje ya ua, hakuingia. Hakumwangalia kijana. Alizungumza na mimi, na kijana yupo hatua chache tu.

"Shangazi, mwambie huyo uliye naye, mstari ukifuata korongo, watu watakuja sasa hivi. Jumuiya wote. Wataimba mpaka kesho."

"Mwambie mwenyewe, ana masikio."

"Mimi simwoni."

Révérien akanyanyuka, akaingia ndani. Nilimkuta mezani, kompyuta imefunguliwa. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi na miguu ya mama yake ilionekana, nimeifunika kwa shuka langu.

"Usikate," nikamwambia.

"Bibi, wewe una watu."

"Nasema usikate!"

Akakata. Sijawahi kuona mstari mzuri kama ule. Hakuacha hata pindo moja. Alibofya taratibu, akasogeza, akabofya, kama mwanamke anayeshona mshono wa shingo, na kila alipobofya alifuta macho kwa kiwiko. Maboma ya Felisiani yakaingia yote, mpaka banda la kuku. Ng'ambo, nyumba moja baada ya nyingine, ikawa nyeupe. Akaituma kwenye simu ya mwenyekiti, akatoka na kompyuta yake, akakaa kizingitini.

Felisiani, kule nje ya ua, akaipanua kwa vidole, akajitafuta, akajikuta. Ndipo akaingia uani kwangu, akamshika kijana bega.

"Pole sana na msiba, mwanangu."

Watu walikuja. Walikuja wengi, na kuni, na unga, na turubai la jumuiya. Waliofunika maandazi walileta maandazi. Waliomwita hewa walimkumbatia. Nilikaa jikoni kwangu nikakataa kusogea, nikaachia moshi unitoe machozi.

Felisiani alikuwa anapanga vijana wa kwenda makaburi ya mtaa kuchimba, Doto akatokea. Kavuka korongo, udongo hadi magotini, jembe begani.

"Mayu," akaniambia mimi, yaani mama kwa Kisukuma, "tumesikia yowe lako asubuhi. Tukaangalia, hamna mtu anayekuja. Tukasema, makaburini si watamkatalia huyu mama? Lyamba na wenzake wamemchimbia kwetu, pale tunapozika wetu. Kaburi liko tayari."

Kaburi lililokwisha kuchimbwa haliachwi tupu, litamwita mwingine, na hakuna mtu wa mtaa huu, mwenyeji wala mgeni, awezaye kuthubutu kulifukia bila maiti. Kila mtu pale alikuwa anawafikiria watoto wake.

"Basi twendeni ng'ambo," akasema mwenyekiti.

Révérien alikuwa bado ana kompyuta mapajani. Aliangalia mikono ya Doto iliyochubuka. Aliinuka, akakaa tena, akainuka. Nikamwangalia usoni nikamngoja amwambie Doto habari ya mstari. Hakusema.

Tukavuka. Walioimba walikuwa wa upande huu, nguo safi, sauti nzuri. Waliofukia walikuwa wa upande ule. Waliimba kama alivyotaka marehemu, mpaka sauti zikawakauka. Mtu angepita barabarani angesema huyu aliyekufa alipendwa kweli.

Ramani mpya ilibandikwa. Doto alikwenda na kidole chake, akakiweka kwenye karatasi nyeupe. Hakupiga kelele safari hii. Alikuja moja kwa moja kwangu, Révérien akiwa dirishani.

"Kaka, tumefutwa?"

"Hamjafutwa," akasema, na neno linalofuata likamkwama.

"Mayu aliniambia mchezo wako. Kwamba ni kubofya mara moja tu, mtu anarudi. Basi tubofye turudi."

Kijana akaangalia meza.

"Ulitukata lini? Kabla ya msiba au baada?"

Nikamjibia mimi. "Siku ileile. Nyie mlikuwa mnachimba."

Doto akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei. "Sawa. Nikuambie kitu, kaka. Pale pana mawe mengi. Lyamba aliyatoa kwa mikono, moja moja, akasema asilalie jiwe, mgongo wake ni wa mtu mzima." Akachukua jembe lake akaondoka. Ningependa angemtukana. Kijana pia angependa.

Nilimwambia ahame. Akasema, "Bibi, hata wewe?" Nikamjibu kwamba wengine walimtenga kwa sababu alimkata Felisiani, mimi ninamtoa kwa sababu alimrudisha. Leo amepanga kwa mwenyekiti, anasalimiwa na kila mtu, amechaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya. Ramani imepita. Wa ng'ambo wameletewa notisi kwamba wamevamia eneo la wazi, na baadhi wameshaanza kuswaga ng'ombe kuelekea Litapunga. Doto na Lyamba bado wamekaa. Ng'ombe wa Felisiani wanalisha mpaka ukingoni mwa makaburi yao.

Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake, aliomba awashe kompyuta mara ya mwisho, betri ilikuwa inaisha. Nilisimama nyuma yake sikumkatalia. Aliuondoa mstari. Ng'ambo yote ikarudi, nyumba ya Doto, zizi la Lyamba, njia ya ng'ombe. Akasogeza picha, akaikuza, akaikuza tena, akatafuta pembeni ya zizi na nyuma ya zizi.

"Unatafuta nini?"

"Mama."

Nikainama nikaangalia. Pale palipo na kaburi hapakuwa na kitu. Ramani mama ilipimwa kabla hajafa, na wapimaji hawajavuka tena korongo.

"Yeye hajafichwa, Bibi," akasema. "Yeye hayumo."

Nikamwambia avuke basi akapime. Akaurudisha mstari wake, pindo kwa pindo, akafunga kompyuta, akaizungushia kile kitenge, na bodaboda ya Felisiani ikapiga honi nje.